Pentax K1000, Canon AE-1, Olympus Trip 35 au mju II: mwili upi wa kamera utaivumilia Uganda?

Kijana mmoja alinijia hapa Walukuba, Jinja, na kamera mbili ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Akazitoa, akazigonga kwa ukucha moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua nanasi sokoni.

"Mzee, hii ya fedha ni chuma, hii nyeusi ni plastiki. Nichukue ya chuma, si ndiyo?"

Ile ya fedha ilikuwa Canon AE-1. Ilikuwa asubuhi na mapema, ziwa bado limetanda umande, nikamwambia aweke mgongo wa juu wa ile Canon shavuni. Akaweka. Kisha nikamshushia Pentax yangu kutoka kwenye rafu, aiweke shavu la pili. Akashtuka kidogo: Pentax ilikuwa baridi, Canon haikuwa. Chuma cha Canon aliyokuwa akiisifia ni plastiki iliyovikwa sura ya chuma, na waliofanya hivyo walijua wanachofanya.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lake mara nyingi, na vijana wa Kampala walioanza kuipenda filamu wanaliuliza pia. Kamera zote hizi ni mitumba. Hakuna ya dukani yenye risiti na dhamana, kwa hiyo mnunuzi anabaki na kigezo kimoja tu mkononi: uzito na mlio wa ukucha. Kigezo hicho hudanganya. Nimezichukua nne ambazo huletwa kwangu mara kwa mara, nikazipima kwa mambo yale yale.

Tunapima nini

Mwili wa kamera ya filamu una kazi mbili tu. Uzuie mwanga usiingie pasipo ruhusa, na uishike lenzi mbele ya filamu kwa umbali usiobadilika. Kwenye Pentax, kutoka uso wa pete ya lenzi hadi filamu ni milimita 45.46. Kwenye Canon za wakati ule ni milimita 42. Hizo desimali si mapambo. Pete ikiinama upande mmoja hata kwa unene wa karatasi, nusu ya uso wa bibi harusi itatoka kali na nusu itakuwa na ukungu, nawe utailaumu lenzi bure.

Kwa hiyo mtu anayegonga kwa ukucha anagonga ngozi. Mifupa haisikii. Mimi huuliza kiunzi cha ndani ni cha nini na ganda la nje ni la nini, kwa sababu ni vitu viwili tofauti. Kisha nauliza itafanyaje kwenye unyevu na joto letu, kwenye vumbi na boda, betri yake inapatikana wapi, inakaaje mkononi, na ikiharibika fundi gani ataifungua. Bei sitaigusa sana. Inapanda na kushuka kila wiki kulingana na nani ameiona mtandaoni.

Kiunzi na ganda

Pentax K1000 ilitoka mwaka 1976 ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, karibu bila kubadilishwa. Kiunzi chake ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na zile za mwanzo, zilizoandikwa "Asahi Pentax" usoni, zina ganda la chuma juu na chini. Hapa wengi hukosea. Kamera hiyo hiyo, jina hilo hilo, zile za miaka ya mwisho zilizounganishwa China zilipewa magamba ya plastiki ili bei ibaki chini. Ukiambiwa "K1000 ni chuma tupu," uliza ya mwaka gani.

Canon AE-1 nayo ni ya 1976, na ndiyo kamera ya kwanza ya SLR, yaani yenye kioo ndani kinachokuonyesha kupitia lenzi, kuwa na kompyuta ndogo ndani. Wahandisi wa Canon waliigawa katika vitengo vinavyoungana kama vipande vya redio, wakapunguza sehemu zipatazo 300, na kazi kubwa ya kuunganisha ikafanywa na mashine. Ganda la juu wakalimimina kwa plastiki ya ABS, wakalivika sura ya fedha, au nyeusi kwa waliotaka nyeusi. Ndani, panaposhikwa lenzi na filamu, bado ni chuma. Kwa hiyo umbali ule wa milimita 42 haushikiliwi na plastiki uliyoiona. Watu huidharau AE-1 kwa ganda lake, mimi naona dharau hiyo haina msingi. Ganda ni kofia. Kofia ya plastiki haimfanyi mtu kuwa wa plastiki.

Tena tazama mizani. K1000 ina takribani gramu 620 bila lenzi, AE-1 gramu 590. Tofauti ni gramu 30, uzito wa sarafu chache. Plastiki haikuletwa ili kukupunguzia mzigo begani. Ililetwa kwa sababu kuimimina ni rahisi kuliko kupiga chuma, kukisugua na kukichovya. Bei iliposhuka, kamera ikafika kwa watu ambao awali waliitazama dirishani.

Na hilo si jambo jipya. Brownie ya Kodak ya mwaka 1900, iliyouzwa dola moja, ilikuwa sanduku la kadibodi. Miaka saba baadaye Leo Baekeland alivumbua bakelaiti, plastiki ya kwanza ya kutengenezwa kabisa na binadamu. Na fedha zilizompa nafasi ya kukaa maabara alizipata kwa kumuuzia George Eastman, mwenye Kodak, karatasi yake ya kuchapia picha. Mwaka 1934 Kodak wakatoa Baby Brownie ya bakelaiti, umbo lake likichorwa na Walter Dorwin Teague. Plastiki na upigaji picha ni ndugu wa toka nitoke.

Olympus Trip 35 ilianza 1967, ikatengenezwa hadi 1984. Ni chuma, ina takribani gramu 400, na lenzi yake ya milimita 40 haitoki. Kutotoka huko ni nguvu: hakuna pete ya kulegea, hakuna mlango wa vumbi mbele. Ukitaka kujua umri wake tazama kitufe cha kupigia. Za mwanzo kina rangi ya fedha na ni chuma, za baadaye ni plastiki nyeusi.

Olympus mju II ya 1997 ndiyo ile nyeusi aliyokuja nayo kijana. Haifiki gramu 150 bila betri. Plastiki nje, na ndani sehemu kubwa plastiki. Umbo lake ni kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika wiki moja: hakina pembe. Kifuniko kinateleza pembeni, lenzi inatokea, kamera inawaka. Wazo la kifuniko cha kuteleza Olympus walikuwa nalo tangu XA ya 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, mtu aliyechukia mikoba ya ngozi ya kamera na akaamua kamera yenyewe iwe mkoba wake. Plastiki ya mju II si ya kujifanya chuma. Imekubali kuwa plastiki, na ndiyo maana ikapewa umbo ambalo chuma kingepata taabu kulifuata.

Kabla hatujaendelea, neno kwa wanaoabudu chuma. Leica M6 ya 1984, kamera ya bei ambayo sitaitaja nikiwa na njaa, ganda lake la juu ni zinki badala ya shaba ya manjano iliyotumika kwenye Leica za zamani. Nyingi zimeota malengelenge chini ya rangi, zinki ikifura polepole kutoka ndani. Chuma, ndiyo. Lakini chuma gani?

Unyevu na joto

Hapa ndipo nchi yetu inapoingia kwenye hesabu, na hapa ndipo nitakaa.

Kitu cha kwanza kufa kwenye kamera hizi ni sponji. Si chuma, si plastiki. Ndani ya mlango wa nyuma, na chini ya kioo kwenye Pentax na Canon, kuna vipande vyembamba vya sponji nyeusi vinavyozuia mwanga. Sponji ya aina ile hunywa unyevu wa hewa na kuoza, hugeuka lami. Ukiigusa kwa kijiti cha meno inanata na kukufuata. Kando ya ziwa, Jinja, Entebbe, Masaka, sijafungua K1000 hata moja ya zamani ambayo sponji yake ni nzima, isipokuwa mtu alikwisha kuibadilisha. Ukipuuza utaona mistari ya rangi ya chungwa pembeni mwa picha. Zaidi ya hapo, lami ile ya chini ya kioo hupanda kwenye kioo chenyewe na kukigandisha.

Dawa yake ni rahisi. Spiriti, vijiti vya meno, subira ya saa moja, kisha uzi mweusi wa sufu wa wafuma sweta unaoulaza ndani ya mfereji badala ya sponji. Uzi hauozi. Trip 35 haina kioo, kwa hiyo kazi ni nusu. Mju II haisumbui sana hapo. Ina mipira ya kuzuia matone, na ilipotoka ilistahimili manyunyu ya mvua. Lakini mpira wa 1997 sasa una umri wa mtu mwenye watoto. Usiende nayo kwenye mashua kwa kutegemea sifa za ujana wake.

Ukungu wa lenzi haubagui mwili. Utaota kwenye lenzi ya Pentax sawa na ya mju, mradi hewa ina unyevu na kamera imefungiwa gizani. Mfuko wa ngozi uliokuja na kamera ni nyumba nzuri ya ukungu: ngozi hushika maji, kamera inalala humo mwezi mzima wa Aprili, ukifungua unakuta utando kama wa buibui ndani ya lenzi. Tupa mfuko, au uweke kabatini kwa kumbukumbu. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele haufai, ule kwa maharage.

Plastiki ina adui wake ambaye chuma hakimjui, nami nilimjua kwa hasara. Nilikuwa na AE-1 nyeusi. Jioni moja tulikuwa na kazi kijijini karibu na mto, mbu kama mvua, nikajipaka dawa ya kufukuza mbu mikononi hadi kwenye viganja. Nikashika kamera saa mbili. Kesho yake asubuhi, juu ya ganda, karibu na kitufe, palikuwa na alama ya kidole gumba changu, mistari yote, imezama ndani ya rangi kama muhuri wa kitambulisho. Nilisugua, haikutoka. Dawa nyingi za mbu zina kemikali iitwayo DEET, nayo huyeyusha plastiki kama ABS na ile ya mju. Chuma cha Pentax kingepanguswa kwa leso. Tangu hapo, ukinikuta kazini usiku, nimejipaka shingoni na miguuni kwa mgongo wa mkono, viganja vimenawa.

Joto lenyewe, mradi kamera haijaachwa juu ya dashibodi ya taksi mchana, halili ganda. Linalotembea ni mafuta. Grisi ya zamani hulegea ikatambaa hadi kwenye visu vya lenzi, vile vibati vyembamba vinavyopunguza au kuongeza mwanga, na Trip 35 ndiyo mgonjwa mkubwa: visu vinanata, picha zote zinatoka na mwanga uleule, kivulini au juani. Kwenye AE-1 ni kinyume, mafuta hukauka kwenye gia za kioo, ukipiga inalia kama kuku aliyekanyagwa. Haijafa, inaomba tone moja.

Vumbi, boda na kuanguka

Barabara ya udongo mwekundu, boda, kamera imening'inia kifuani. Mtikisiko wa pikipiki hulegeza skrubu kuliko kuanguka kunavyovunja ganda. K1000 na AE-1 zina skrubu nyingi ndogo za nje, na pete ya lenzi ina zake. Kila miezi mitatu mimi huzipitia kwa bisibisi ya saa, na iliyolegea naitilia tone la rangi ya kucha kabla ya kuikaza. Mke wangu hulalamika rangi zake zinaisha. Trip ina skrubu chache zaidi, na mju huwezi hata kuziona nyingi.

Vumbi huingia pale unapobadilisha lenzi. Kwa Karamoja msimu wa kiangazi, Moroto au Kotido, Trip na mju zina faida ya kutofunguliwa mbele. Lakini kifuniko cha mju kinapita kwenye reli nyembamba, na punje za mchanga zikikaa humo utasikia kinakwaruza, ipulizie, usiilazimishe.

Kuanguka ni hesabu yenye pande mbili. Chuma hubonyea. Ganda la Pentax likibonyea juu ya wenzo wa kuvuta filamu, wenzo unagoma, ingawa ndani kila kitu ni kizima. Fundi atalinyoosha kwa kipande cha mti. Plastiki hunesa na kurudi, haionyeshi hata alama, hadi siku inapozidiwa ikapasuka, na mpasuko haunyooshwi. AE-1 ina udhaifu mmoja ninaoujua kuliko yote: kijilango cha betri. Ulimi wake wa plastiki umevunjika kwenye nusu ya zinazofika mezani kwangu, kwa sababu watu hukifungua kwa ukucha kwa nguvu. Mju ni nyepesi, kwa hiyo huanguka kwa upole; nimeiona ikidondoka kutoka mezani kwenye sakafu ya saruji ikaendelea kama hakuna kitu. Pentax ya gramu 620, bado hujaongeza lenzi, ikidondoka kutoka hapo, ihurumie sakafu, kisha kagua pete.

Betri

K1000 hutumia betri moja ya kitufe, LR44, na ni kwa kipima mwanga peke yake. Ikiisha, kamera inapiga vilevile. Jua la saa sita, filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wake kwa mwanga): kasi ya 1/500 na tundu la lenzi f/16, umemaliza. Ila haina swichi ya kuzima kipimo. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi, usipokifunika betri inaliwa.

AE-1 bila betri ya volti 6 haipigi hata picha moja, inakuwa jiwe la kukandamizia karatasi. Betri yake 4LR44 haionekani kwenye kila kibanda, lakini jina lenyewe linakuambia siri: ni LR44 nne zimepangwa juu ya nyingine. Nne kutoka kwa wauza saa, zungushia karatasi, zitafanya kazi hadi upate yenyewe. Usiziache humo ukiiweka kamera kabatini, zikivuja zitakula shaba ya mguso.

Trip 35 haina betri kabisa. Ile pete ya vioo vidogo kama macho ya nzi kuizunguka lenzi ni selo ya seleniamu, inageuza mwanga kuwa umeme kidogo unaosogeza sindano. Ujaribu wake: iweke kwenye A, yaani ijichagulie yenyewe, funika selo kwa kiganja, bonyeza, ulimi mwekundu lazima utokee kwenye kitundu cha kutazamia na kamera igome. Elekeza dirishani, ikubali. Seleniamu ikichoka, bado unaweza kuitoa kwenye A na kuchagua namba mwenyewe. Itapiga kwa 1/40 daima. Kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua letu, f/22 itakupa picha.

Mju inataka CR123A moja ya volti 3, na bila hiyo hata kifuniko kikifunguliwa hakuna kinachotokea. Nunua mbili ukienda mjini. Tena mju husoma ISO kwenye alama za mkebe wa filamu. Mkebe usio na alama itauhesabu kuwa 100, kwa hiyo filamu za kujazwa kwa mkono ni shida.

Mkononi, na machoni pa watu

Kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, wazee wamekaa kwenye hema kwa pande mbili, akina mama kwenye magauni yao ya gomesi, ukisimama na K1000 au AE-1 watu hunyoosha migongo. Kamera yenye kilo na mlio wa kioo ni cheo. Wanakupa nafasi. Ukisimama na mju wanadhani wewe ni mgeni wa upande wa bwana harusi aliyetoka kazini. Lakini huko sokoni, au ndani ya taksi, mju ndiyo inayokuletea nyuso ambazo hazijajiandaa, na hakuna anayekukodolea macho mfukoni.

AE-1 inakuachia wewe kasi ya shata, lile lango linalofungua mwanga kwa filamu, yenyewe inachagua ukubwa wa tundu la lenzi. Vidole vinajifunza haraka. K1000 inakufanyisha kazi yote, sindano ndogo pembeni inakuambia umepatia au bado. Trip unachagua tu picha ndogo: mtu mmoja, watu wawili, kundi, mlima. Mju hubofya, hurudi kwenye flashi ya kujiwasha yenyewe hata usipotaka kila ukiifungua upya, na inavuta filamu kwa mlio ambao kanisani utauonea aibu.

Fundi ataifunguaje

K1000 fundi wa saa mwenye mikono mitulivu anaielewa. Gia, springi, pazia la kitambaa chenye mpira. Trip ni rahisi zaidi: skrubu tatu ganda la juu linatoka, visu vinavyonata vinasafishwa kwa petroli ya kibiriti. AE-1 upande wake wa gia unatengenezeka, lakini upande wa umeme ni utepe wa saketi uliokunjwa kama mtandio. Ukichanika, dawa ni kutoa kwenye AE-1 nyingine iliyokufa. Kwa bahati zilitengenezwa mamilioni, maiti hazikosekani. Mju haikuundwa ifunguliwe. Ninapoifungua, huwa naifungua nikijua huenda ni safari ya kwenda tu, na kapasita ya flashi yake inaweza kuhifadhi mamia ya volti hata betri ikitolewa. Imenipiga mara moja hadi kwenye bega. Kijana asiye fundi asiiguse.

Kwa hali yako

Kama unajifunza, na unataka kuelewa mwanga kabla ya kuelewa kamera, K1000 itakufundisha bila kukubembeleza, nayo itavumilia mwezi bila betri huko Kisoro au Kaabong. Tafuta ya maandishi ya Asahi ukiweza, lakini ya China yenye shata nzuri ni bora kuliko ya Asahi iliyobonyea pete.

Kama kazi yako ni harusi na picha za watu, unahitaji haraka, na uko Kampala, Jinja au Mbarara ambako betri zinapatikana, AE-1 itakulipa. Kagua ulimi wa kijilango cha betri, sikiliza kilio, na uweke betri za akiba kwenye begi. Anayefanya kazi usiku kwenye mbu afikirie mara mbili kuhusu plastiki, au anawe mikono.

Msafiri wa ziwani, wa Karamoja, mtu wa barabara ndefu asiyetaka kubeba chochote cha ziada, achukue Trip 35, mradi seleniamu iko hai. Haitafuti duka. Udhaifu wake ni usiku: ndani ya nyumba yenye balbu moja ulimi mwekundu utakuwa rafiki yako wa kudumu.

Anayetaka kumbukumbu za watoto, marafiki na mitaa, asiyependa kupiga hesabu, na aliye tayari kuipoteza siku ikifa, mju II. Usiinunue kwa bei ya sifa zake. Inunue kwa bei ya kitu kisichotengenezeka.

Na kama tayari kuna kamera kabatini kwa mzee wako, ya aina yoyote, usinunue nyingine kwanza. Fungua mlango wa nyuma, gusa sponji kwa kijiti. Weka shata kwenye kasi ndogo, ielekeze dirishani, tazama kupitia lenzi kama visu vinafunguka na kurudi vyote. Angaza tochi ya simu kwenye lenzi kwa upande mmoja uchungulie upande wa pili kama kuna utando. Kijana wa kaveera nilimfanyisha hivyo na kamera zake zote mbili. AE-1 ilikuwa imeota ukungu hadi katikati ya lenzi, mju ilikuwa safi. Aliondoka na ile nyeusi shingoni, ile ya fedha akaniachia nimsafishie.